Kutoka Zizini Hadi Jikoni

Niliwahi kumfanya baba yangu aonekane mtu jeuri asiye na haya, siku ambayo alikuwa ametoka Kabati hadi karibu na Mutomo kuja kuomba msamaha. Sikumsingizia kitu, wala sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa nampenda sana. Hiyo ndiyo njia niliyotumia kumharibia.

Nimekaa na aibu hiyo miaka mingi, na kwa kuwa mimi si mtu wa kutoka toka, imenizoea. Wenzangu waliohamia Nairobi na Mombasa waliziacha aibu zao huko njiani. Mimi ninazo zote hapa nyumbani, nimezipanga kama vikombe vya wageni. Hii ndiyo kubwa kuliko zote, na nilikuwa nimeiweka nyuma kabisa, mpaka mwezi uliopita tulipoenda kusafisha jikoni ya marehemu Susu, nyanya yetu aliyemzaa mama, kabla haijabomolewa. Chini ya matita ya mkonge nikapata kigoda cha miguu mitatu. Nilipokiinua kikanuka mbuzi, moshi na mvua ya zamani, nami nikakirudisha chini, nikakikalia. Ndugu yangu Muthiani akauliza kama ni presha. Nikamwambia ni vumbi. Ningemwambia nini, na jina lenyewe analoitwa ni matokeo ya ujinga wangu?

Nyinyi wenzangu mliokua Ukambani siku zile mnajua nthoni, lakini watoto wetu hawajui, kwa hivyo nieleze kidogo. Mwanaume na mama mkwe wake hawakuwa wanaangaliana usoni. Hawakuwa wanaongea ana kwa ana, hawakuwa wanakula pamoja, na wakikutana njiani mmoja aliingia msituni kama aliyeona jambo la maana huko kwenye miiba. Haikuwa chuki. Ilikuwa heshima, heshima nyingi mpaka ikawa haipiti mlangoni. Kama kulikuwa na neno la kusemwa, lilibebwa na mtu wa katikati.

Hayo nayajua leo. Nikiwa darasa la pili nilichojua ni kwamba Susu na baba walichukiana kupita kiasi. Nilikuwa na ushahidi. Susu alikuwa akisikia sauti ya baba barabarani, anajifunika kichwa kwa leso na kupotea. Baba naye, fundi wa mbao mwenye mikono mikubwa na kicheko cha kutisha kuku, akifika kwa Susu alikuwa mdogo ghafla, anakohoa pale zizini na kuangalia kwato za mbuzi. Nani hufanya hivyo kama hachukii? Mimi na Musyoka wa shuleni tulipochukiana tulifanya hivyo hivyo, isipokuwa kukohoa.

Basi mwaka huo mama alinifunga mgongoni furushi la nguo, akabeba lingine kichwani, tukapanda basi hadi kwa Susu. Hakuniambia kwa nini. Nilipouliza, aliniambia tunaenda kumsaidia Susu kupura mbaazi. Mbaazi ziliisha wiki ya kwanza. Tukabaki. Mama akawa anaamka mapema kwenda mtoni kuchimba maji kwenye mchanga, anarudi jua likiwa kichwani, anakaa kwenye kivuli cha ghala na kupumua. Akaanza pia kunenepa, na mimi nikamshukuru Mungu kwa muthokoi wa Susu, yale mahindi ya kukobolewa, kwa kuwa nilifikiri ndio unaomnenepesha.

Nilitaka kurudi kwetu. Nilitaka kitanda changu, maranda ya mbao yaliyonikwama nyweleni, na baba akicheka. Kila jioni nilimwomba Mungu awapatanishe Susu na baba, maana nilikuwa nimekata shauri kwamba ugomvi ni wao wawili na mama ni kama mbuzi tu aliyefungwa katikati. Niliomba vizuri, kwa sauti, kama mzee wa kanisa.

Maombi yakajibiwa siku ya Jumamosi. Nilikuwa nachezea majivu nikasikia ule ukohozi zizini.

Kwa kawaida, mtu wa katikati pale kwetu alikuwa Mama Ndunge, jirani aliyepakana nasi kwa ua wa minyaa. Mama Ndunge alikuwa na sauti ya kuita punda kutoka ng'ambo ya mto, na hakuwa na ugonjwa wa kupunguza maneno. Ungempa ujumbe, angeufikisha na faida juu yake. Lakini Jumamosi hiyo alikuwa ameenda matanga. Mama alikuwa mtoni. Nadhani Susu aliona vumbi la basi akamhimiza aende, kwa kuwa mwanamke aliyerudi kwao hakai mbele wakati mambo yake yanasemwa. Mjomba, ambaye ndiye angeongea na baba kama wanaume, alikuwa anafanya kazi pwani. Nikabaki mimi.

Susu akaketi ndani ya jikoni, mlango umefunguliwa nusu, kiondo alichokuwa anasuka kiko mapajani. Akanipa kigoda.

"Kamene, mpelekee baba yako akalie. Halafu umwambie nimesikia amefika. Halafu usikie atasema nini, ulete."

"Kwani hutaki kumwona?"

"Kamene."

"Naam, Susu."

"Miguu nimekuomba. Mdomo sijakuomba bado."

Kutoka jikoni hadi zizini palikuwa na mwendo wa Baba Yetu hadi pale kwenye mkate wa kila siku, ukitembea bila kukimbia. Nilipima baadaye, mara nyingi. Baba alikuwa amesimama na blanketi jipya mkononi, lile la rangi ya maziwa na mistari myekundu, na mkate uliofungwa kwa gazeti. Aliniweka mkono kichwani. Mkono ulinuka gundi na mbao. Nikataka kulia, nikajikaza, maana nilikuwa na kazi ya serikali.

"Hamjambo huku?" akauliza.

"Hatujambo. Susu amesikia umefika."

Akakaa. Kile kigoda kilikuwa kidogo kwake, magoti yakamfika kifuani. Kisha akasema polepole, kama mtu anayenihesabia mayai mkononi:

"Mwambie Susu yako nimekuja mwenyewe, sikutuma mtu. Mwambie nimekosa. Yale maneno niliyosema mbele ya ndugu zangu, sikuwa na haki ya kuyasema. Umeshika?"

"Nimeshika."

Na kweli nilikuwa nimeshika. Hapo ndipo shida ilipoanzia. Ningekuwa msahaulifu tungekuwa salama.

Wiki hiyo hiyo shuleni mtu alikuwa amevunja rula kubwa ya mwalimu, ile ya ubao. Mwalimu akasimama mbele akasema mwenye kosa ajitokeze, hatafanywa kitu. Musyoka, adui yangu, akasimama. "Ni mimi, mwalimu. Nimekosa." Alichapwa viboko sita, na rula ile ile, kipande kilichobaki. Sisi wengine tulionyamaza tulienda nyumbani na ngozi zetu nzima, na tulikuwa wanne tulioishika ile rula. Tangu siku hiyo darasa zima lilijua maana ya kusema nimekosa. Ni kuomba kupigwa.

Sasa baba yangu mwenyewe, amekaa kwenye kigoda cha mtoto, anataka nikamwambie mtu anayemchukia kwamba amekosa! Nilifika kwenye "jina lako litukuzwe" nikiwa bado napima. Kufika kwenye mkate nilikuwa nimeamua. Baba hakujua anachofanya. Nitamwokoa.

"Anasemaje?" Susu akauliza. Mkono wake uliendelea na kiondo.

"Anasema hamjambo. Amekuja na blanketi."

"Na nini kingine?"

"Na mkate."

"Sijauliza vitu. Amesema nini kingine?"

Nikatafuta. "Anasema huko Kabati mvua haijanyesha."

Susu akavuta uzi, akauuma, akaukata. "Mwambie blanketi tumelisikia. Sasa tunangoja kumsikia mwenye blanketi."

Hayo nilimpelekea baba yalivyo, maana sikuona ubaya wake. Baba akanitazama.

"Kwani hukumwambia nilichosema?"

"Nimemwambia."

"Yote?"

"Yote."

Nikitazama sasa, naona alikuwa na njia ya kujua. Watu waliniambia mimi nikidanganya naangalia juu kama ninayetafuta ndege. Lakini baba hakuwa ananiangalia. Alikuwa anaangalia ule mlango uliofunguliwa nusu. Akavua kofia.

"Basi rudi. Neno kwa neno, Kamene. Mwambie nimekosa, na niko tayari kuleta mbuzi wa kuosha hayo maneno, mbele ya ndugu zangu wale wale waliosikia."

Mbuzi tena! Sasa kuna faini. Kila nilipomwacha azungumze mzigo uliongezeka. Nikarudi kwa Susu, nikamwambia baba anauliza mama yuko wapi. Niliona hilo ni swali la adabu, halimdhuru mtu.

Mkono wa Susu ukasimama. "Anauliza mama yako yuko wapi. Hilo ndilo neno lake la pili."

"Ndiyo, Susu."

"Mwambie ameenda mtoni. Na mtoni hakuna haraka."

Safari ya tatu baba hakuwa ameketi tena. Alisimama na kofia mikononi akiizungusha, kofia ya mtu mzima, nami nikaona kitu ambacho sikuwa nimewahi kuona, shingo ya baba ikiwa na jasho na hafanyi kazi. Alisema, "Mwambie namwomba." Akaacha kuizungusha kofia. "Mwambie hivyo tu. Namwomba."

Nilienda nikilia kimoyomoyo. Nikafikiri, nikimwambia Susu kwamba baba anaomba, atajua amemshinda, na atamfanyia vile mwalimu alimfanyia Musyoka. Lazima nipeleke kitu cha nguvu na cha amani kwa pamoja. Nikapata, na nikajipongeza, maana nilikumbuka mhubiri aliyesema mwenye kumaliza ugomvi ni yule anayesamehe kwanza.

"Susu, baba anasema yeye hana hasira na mtu."

Kiondo kilianguka.

"Yeye?" Susu akasema. "Yeye ndiye hana hasira?"

"Hata kidogo," nikaongeza, kwa wema wa moyo wangu.

Akakiokota, akakiweka kando ya moto. Kisha akaongea polepole bila kupaza sauti, na sikuwa nimewahi kumsikia hivyo. "Mwambie arudi na blanketi lake. Hapa hatusikii baridi."

Ujumbe huo niliufikisha bila kupunguza hata nukta. Nilikuwa nimeogopa, na woga hunifanya mwaminifu. Kati ya yote yaliyopita miguuni mwangu siku hiyo, ni hayo pekee yaliyofika mazima. Baba aliyasikiliza, akavaa kofia, akaokota blanketi alilokuwa ameliweka juu ya ua wa zizi. Mkate aliniachia. Niliukula peke yangu nyuma ya ghala nikijiona nimemponyesha mtu kiboko.

Mama aliporudi na mtungi alisimama mlangoni. "Alisema nini?"

"Alisema yeye hana hasira," Susu akamjibu.

Mama alicheka mara moja, cheko fupi kama kikohozi. Halafu akanigeukia. "Kamene, baba alisema hivyo?"

Kulikuwa na nafasi hapo, pana kama mlango wa kanisa. Nikaangalia juu kutafuta ndege. "Ndiyo, mama."

Akashusha mtungi. Tangu siku hiyo hakuniuliza tena habari za Kabati, na usiku alilala ameangalia ukutani.

Tulikaa mpaka mvua zikaja. Sikuelewa kitu. Nilikuwa nimeleta amani na amani haikuonekana popote. Kila basi lilipopita nilikimbia kwenye ua wa minyaa, na kila mara Mama Ndunge alinipigia kelele kutoka upande wake: "Toka hapo, utapofushwa na utomvu! Baba hatoki kwenye minyaa!" Halafu siku moja mama alipelekwa hospitali ya misheni kwa mkokoteni wa punda, nikajua muthokoi umemdhuru, na akarudi amekonda na mtoto wa kiume kwenye leso. Nilichanganyikiwa kabisa. Hakuna mtu aliyekuwa ameniambia. Kumbe hata baba hakuwa ameambiwa. Mama aliondoka Kabati akiwa na siri hiyo tumboni, na Susu aliikalia akingoja neno moja tu ndipo aitoe.

Yale maneno ya baba niliyajua nikiwa mkubwa. Mbele ya ndugu zake, wakinywa, alisema mwanamke wa mtoto mmoja ni kama zizi la mbuzi mmoja, hata fisi hulipita bila kusimama. Walicheka wote, na mama alikuwa nyuma yao na chakula mkononi. Yule mbuzi mmoja ni mimi, na sijawahi kujua kama nikasirike.

Siku ya kumpa mtoto jina wanawake walikusanyika. Nyinyi mnajua utaratibu: mvulana wa kwanza ni wa babake baba. Angeitwa Kimanzi. Mwanamke mmoja akataja hivyo, na Susu akauliza, "Nimpe jina la watu gani? Wale ambao hawana hasira?" Akamwita Muthiani, jina la marehemu mume wake, ambalo lilipaswa kungoja mvulana wa pili. Wa pili hakuja kamwe. Babu Kimanzi alikufa bila kuitwa na mtu.

Habari zikafika Kabati, kwa mdomo wa nani sijui. Baba alirudi, safari hii na kaka yake mkubwa wa kumsemea, na mjomba alikuwa likizoni kutoka pwani. Wanaume wakaketi uani. Susu nyuma ya mlango wa jikoni. Mama kivulini mwa ghala na mtoto. Mama Ndunge alikuwa amekuja kuomba moto, na moto aliopewa ulimzimikia mkononi akiwa bado amesimama hapo anasikiliza.

Mjomba akasema, "Shemeji, hatukatai watu. Lakini ulikuja hapa ukakaa asubuhi nzima, ukaondoka bila kusema umekosa. Sasa kwa kuwa kuna mvulana, ndio umekumbuka njia?"

Baba akainua kichwa. "Nilisema."

"Hukusema."

"Nilisema mara tatu."

"Hukusema!" Hiyo ilikuwa sauti ya Susu, kutoka ndani, kali kama sahani iliyoanguka.

"Nilisema, mama!" baba akamjibu, akiwa ameuelekea mlango.

Katika miaka yote ya ndoa ile hawakuwa wamewahi kusemeshana, na sasa sauti zao zilikuwa zimegongana juu ya uwanja mbele ya watu. Kaka yake baba aliangalia viatu vyake. Halafu polepole, mmoja mmoja, wakaanza kunigeukia mimi.

"Kamene," mama akasema.

Sikuangalia juu. Niliangalia mtoto. Nikasema yote kwa mkupuo, nimekosa ya kwanza, mbuzi wa kuosha, namwomba, na rula ya mwalimu, na Musyoka, na viboko sita. "Angesema amekosa mngempiga," nikamaliza. Nilikuwa nangoja vyangu.

Hakuna aliyenigusa. Mama alificha uso kwenye leso ya mtoto na mabega yakamtikisika, na mpaka leo sijui kama alikuwa analia au anacheka. Nilimuuliza akiwa mzee, akaniambia hata yeye hajui. Baba naye nilimuuliza kwa nini hakupaza sauti siku ile ya kwanza, upepo ungemsaidia. Akaniambia, "Ningepaza sauti ningekuwa nimemkosea mara ya pili." Nimelifikiria jibu hilo nikipika, nikifua, nikikoroga uji. Siku nyingine naliona ni busara kubwa. Siku nyingine naona watu wazima wawili waliotenganishwa na mwendo wa nusu ya Baba Yetu, kila mmoja na neno ambalo mwenzake alilitaka, wakiheshimiana mpaka mtoto akazaliwa na jina la watu wengine.

Baba alimchukua yule mtoto mikononi, akauliza anaitwa nani. Alipoambiwa, alitikisa kichwa mara nyingi, akasema ni jina zuri. Jina likishatolewa halirudishwi. Keshokutwa yake tulirudi Kabati sote wanne, na mbuzi wa kuosha maneno akaletwa baadaye, mbele ya ndugu wale wale.

Lakini pale uani, baada ya mimi kumaliza, kila mtu alikuwa anamngoja mwingine aseme kitu, na hakuna aliyekuwa wa katikati tena. Aliyesema ni Mama Ndunge, na kaa lake lililozimika mkononi, kwa ile sauti ya kuita punda:

"Huyu mtoto mimi nikimtuma chumvi dukani huniletea kiberiti, na hakuna mtu hufa. Nyinyi mlimtuma ndoa."